Kusubiri Si Kazi

Wasioijua kazi ya ndege za kukodi hudhani rubani kazi yake ni kuruka. Kuruka huruka, lakini sehemu kubwa ya maisha yake ni kusubiri. Humsubiri mkandarasi amalize kikao, humsubiri mgonjwa atolewe hospitali, husubiri ukungu uinuke, husubiri simu ilie. Katika kampuni ile ndogo hakuna aliyejua kusubiri kama Kapteni Sabuni. Aliweza kukaa kwenye kiti cha plastiki chini ya bawa la ndege tangu asubuhi hadi jua lielemee upande wa pili, kofia magotini, asipige mwayo, asinung'unike, kama mtu anayelinda kitu ambacho hakuna mwingine anayekiona.

Jina la Sabuni hakupewa na adui. Aliingia uwanjani pale akiwa mwosha ndege, na ndoo yake na matambara yake, akilala chali kusugua matope yaliyorukia tumbo la ndege kutoka kwenye viwanja vya vumbi. Mwenye kampuni, ambaye wote walimwita Tajiri na mwenyewe akiitika, alimkuta siku moja amekaa ndani kwenye kiti cha rubani, tambara begani, anasoma kwa sauti maandishi yaliyo chini ya vitufe, kimoja baada ya kingine. Mwingine angemtoa kwa makofi. Tajiri alimwuliza, "Unatafuta kipi?"

"Navitafuta vyote, mzee."

Tajiri alicheka mpaka akashika ubavu. Mwaka uliofuata alimpeleka chuo cha urubani kwa mfuko wake. Hakumwekea sharti wala hakumwandikisha kitu. Alimwambia tu, "Ruka vizuri, mwanangu. Hayo ndiyo malipo yangu."

Aliyetolewa topeni kwa mkono wa namna hiyo hawi huru tena, na Sabuni alilijua hilo bila kulichukia. Alikuwa mtu wa kubeba fadhila kama wengine wanavyobeba kilema: kwa uangalifu, na bila kuitaja.

Nyuma yake alikuwa na mtu mmoja tu wa damu, dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya wazazi kutangulia. Sabuni alipokuwa chuoni alimleta nyumbani rubani mmoja wa shirika kubwa la ndege, aliyekuwa akija kuwafundisha, ale chakula cha mchana siku moja. Mgeni alikula, akasifu, akarudi wiki iliyofuata kusifu tena. Hatimaye akamwoa dada. Tangu hapo Sabuni na rubani huyo hawakuitana jina lingine ila shemeji.

Shirika kubwa lilipofilisika, Shemeji naye alikuja kwa Tajiri. Huko alikotoka alikuwa kapteni. Hapa nafasi za kapteni zilikuwa zimejaa, akawekwa kiti cha kulia, msaidizi wa mdogo wa mkewe. Hakuna aliyemsikia akilalamika. "Nyumbani mimi ndiye mkubwa, wewe unasubiri sahani," alikuwa akimwambia Sabuni huku akijifunga mkanda. "Humu ndani amri yako. Mungu hamnyimi mja wake vyote."

Waliruka pamoja miaka mingi, na walikuwa na mwiko mmoja: mlango wa ndege ukishafungwa, maneno ya ardhini yanabaki ardhini. Shemeji angesoma, "Mafuta," Sabuni angejibu, "Yametosha." "Milango." "Imefungwa." Ugomvi wa nyumba, habari za watoto, siasa, vyote vilingoja chini. Huo mwiko uliwafaa sana mpaka lilipokuja neno la chama cha wafanyakazi.

Neno lenyewe lilianza kwa kusubiri. Sheria iliweka kikomo cha saa za kazi za rubani kwa siku, lakini Tajiri alihesabu zile za hewani tu. Mkienda na mteja alfajiri, mkamsubiri juani mchana kutwa, mkarudi naye jioni, kwake mlikuwa mmefanya kazi kidogo na kupumzika sana. "Si mlikuwa mmekaa tu?" angesema, bila ubaya, kwa sauti ya mtu anayeshangaa kweli. "Kusubiri si kazi." Shemeji alisema kusubiri ni kazi, kwamba mwili wa anayesubiri amri haulali hata macho yakifumba, na kwamba marubani wakijiunga na chama hilo litaandikwa kwenye mkataba na kwisha.

Walibishana bandani, kwenye kivuli cha ndege iliyofunguliwa injini, fundi akiwasikiliza na bisibisi mdomoni.

"Ulikuwa na chama huko kwenu," Sabuni alisema. "Na shirika likafa."

"Lilikufa. Lakini hakuna aliyekufa nalo."

"Na walipopunguza watu, walianza na waliokuja mwisho, hata kama ni wazuri kuliko wakongwe. Wewe mwenyewe ulinihadithia. Hiyo ni haki gani?"

"Ni haki ya foleni, shemeji. Mbaya, lakini unaiona. Unajua uko wapi. Hapa foleni iko kichwani mwa mtu mmoja."

"Mtu mmoja huyo nikimpigia simu anapokea. Mwenyekiti wa chama atapokea?"

Fundi alitoa bisibisi mdomoni. "Tajiri anasema sisi ni familia. Mimi familia ninayoijua, baba akisema, watoto wanatazama sahani." Kisha akamgeukia Sabuni, kwa utani wenye ncha. "Ila wewe usithubutu. Watasema fadhila za punda ni mashuzi."

Wote walicheka, Sabuni pia. Lakini kicheko chake kilichelewa kidogo, kama cha mtu aliyesubiri kutafsiriwa.

Siku yenyewe haikuwa na dalili. Waliondoka alfajiri na mkandarasi wa barabara, wakamshusha kwenye uwanja wa vumbi karibu na machimbo, wakasubiri. Kivuli cha bawa kilihama, nao wakahama nacho, viti mkononi. Maji yalikuwa moto ndani ya chupa. Mkandarasi alirudi alasiri amechoka lakini ana furaha, wakamrudisha mjini. Injini zilikuwa bado zinatoa mvuke wa joto simu ya Tajiri ilipoingia: kuna mteja mwingine, mtu mkubwa, anataka kupelekwa mpakani sasa hivi na kurudishwa leo leo.

Shemeji ndiye aliyeshika simu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mzee, mimi nimechoka. Leo sirushi tena."

Katika kampuni ile neno hilo lilikuwa halijawahi kusemwa. Watu walikuwa wameumwa, walikuwa wamefiwa, magari yao yalikuwa yameharibika njiani. Hakuna aliyewahi kuchoka. Tajiri akaomba apewe kapteni.

"Sabuni, mwanangu. Na wewe umechoka?"

Macho ya Sabuni yalikuwa yakiwasha kama yametiwa mchanga. Shemeji alikuwa ameketi palepale kando yake, anafungua mkanda polepole, anatazama mbele kupitia kioo chenye wadudu waliogandia. Hakumkonyeza wala hakumgusa. Sabuni hakuhitaji kuombwa, jambo lilikuwa wazi kwa wote wawili: Sabuni akisema ndiyo, basi marubani wawili wamechoka na safari haipo. Akisema siyo, basi kuna mvivu mmoja.

"Mimi niko sawa, mzee," Sabuni alisema.

Shemeji alichukua kofia yake akashuka. Hata mlango aliufunga kwa adabu.

Aliyeletwa kushika nafasi yake alikuwa rubani mwanamke waliyemwita Mwalimu, kwa kuwa aliwahi kufundisha shule. Alitoka nyumbani kwenye siku yake ya mapumziko, mtoto wake alikuwa na homa na usiku uliotangulia hakulala. Hakulisema hilo. Langoni alikuwa amepishana na Shemeji akiondoka, akaona kinachompata anayesema.

Kwenda walikwenda salama. Wakati wa kurudi, abiria akikoroma nyuma na ndege ikijiendesha yenyewe kwenye njia yake iliyonyooka, Sabuni alisikia sauti ikimwita kutoka mbali sana, kama ya dada yake akimwita atoke mchezoni. Akafumbua macho. Ilikuwa sauti ya mwongoza ndege redioni, imeshapanda, inaita namba ya ndege yao tena na tena. Kando yake Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa, kidevu kifuani. Sabuni alijibu. Sauti yake ilitoka imara, ile ile ya siku zote, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Walipotua na abiria kuondoka, Mwalimu alisema bila kumtazama, "Kapteni, tulilala."

"Hatukulala. Tulinyamaza."

"Haya. Tulinyamaza."

Siku chache baadaye Tajiri aliwakusanya marubani bandani. Hakufoka, si mtu wa kufoka. Aliwauliza kama mzazi: siku ile ndege haikuruka? Haikurudi? Na kapteni hakuwa yule yule, aliyeamka saa ile ile, akakaa kwenye jua lile lile? "Sasa niambieni ninyi wataalamu. Ule uchovu ulikuwa wa mwili, au wa chama?"

Baadhi walicheka kwa kutazama viatu vyao. Sabuni alikuwa amesimama mbele, mahali alipowekwa, kama kielelezo darasani. Mwalimu alikuwa nyuma kabisa. Fomu za chama alizokuwa amezisambaza Shemeji hazikurudi hata moja, na mkataba wake ulipofika mwisho haukuongezwa. Tajiri alimpa mkono, akamwambia awasalimie nyumbani.

Sabuni alijipa moyo kwa maneno ya kweli yasiyo na kitu ndani: kwamba hakumsema vibaya mtu, kwamba aliulizwa habari zake yeye, akajibu za kwake. Dada alimpigia simu mara moja tu. "Mdogo wangu, siku ile ulikuwa hujachoka?" Alijibu kwamba mtandao unasumbua, na mtandao haukuwa unasumbua.

Halafu likaja jambo dogo. Jioni moja, baada ya safari mbili, Tajiri alimpigia akitaka ya tatu. Sabuni alikuwa ameshasimama, anatafuta kofia, ndipo mdomo wake ukasema wenyewe, "Nimechoka, mzee."

Alingoja paa limwangukie.

"Umechoka?" Tajiri alisema. "Basi nenda kalale, mwanangu, usijiue. Nitatafuta mtu."

Ilikuwa imekwisha. Sabuni alikwenda kukaa ndani ya gari lake, funguo mkononi, asiweze kuziingiza mahali pake. Miaka yote aliamini neno lile ni zito, kwamba lingevunja kitu baina yake na yule mzee. Kumbe mlango ulikuwa wazi muda wote, ila kwa ajili yake peke yake. Kwa Shemeji ulikuwa ukuta. Hiyo ndiyo foleni iliyomo kichwani mwa mtu mmoja, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza mstarini. Siku ile angesema ndiyo tu, hata bila kueleza, wangekwenda wote kulala.

Jumapili alikwenda kwa dada. Alimkuta Shemeji sebuleni akipiga pasi mashati yake mwenyewe, sanduku wazi juu ya kochi. Alikuwa amepata kazi mbali, kwenye nchi yenye vita, kurusha ndege za mizigo zilizozeeka. Ndio waliomtaka kwa umri wake. Dada alikuwa akikunja nguo na kuzipanga. Alimpa Sabuni chai, hakuketi.

"Wale wa chama walinisikiliza," Shemeji alisema, pasi ikienda na kurudi. "Wanasema kesi ipo. Wanataka shahidi mmoja tu, aliyekuwemo ndani ya ndege siku ile."

"Nitakwenda," Sabuni alisema. "Ndilo lililonileta. Nitajiandikisha chama, nitasema nilikuwa nimechoka kama wewe. Nitasema tulilala."

Pasi ikasimama.

"Mlilala?"

"Kidogo."

"Nani na nani?"

"Wote wawili. Redio ndiyo iliyoniamsha."

Shemeji aliinua pasi kabla haijaunguza kitambaa, akaisimamisha. Uso wake haukuwa wa hasira. Ulikuwa wa rubani anayeona angani kitu ambacho abiria hawakioni.

"Hilo usimwambie mtu," alisema hatimaye. "Hata padri. Ukisema ulikuwa umechoka, watakuuliza kwa nini uliruka. Ukisema ulilala, wanachukua leseni yako, wanachukua na ya Mwalimu, ana watoto yule. Na mimi kazi yangu hairudi, Tajiri atafunga kampuni kabla hajanirudisha. Nyumba hii ina marubani wawili. Mmoja tayari yuko chini. Kaa huko huko juu, shemeji."

"Kwa hiyo mume wangu alisema kweli," dada alisema taratibu, kwa sanduku badala ya kwa watu. "Na kweli yenyewe haina pa kwenda."

Sabuni alitaka kubisha. Maneno alikuwa nayo, alikuwa ameyapanga njia nzima. Lakini kabla hayajafika mdomoni, kitu kilimlegea kifuani, mabega yakashuka, pumzi ikatoka ndefu na laini kama ya mtu aliyetua salama. Ilikuwa ni unafuu. Hakuuita, ulikuja wenyewe, na alipojaribu kuufuta usoni ulikuwa umeshaonekana.

Dada yake, aliyemwosha uso huo kila asubuhi alipokuwa mdogo, aliusoma wote. Akamtazama kidogo tu, kisha akageuka, akamwuliza mumewe kama huko kuna baridi, ili aongeze sweta.