Tiketi ya Mama Ilikatwa Mara Mbili

Wakala wa tiketi wa pale steji ya Garsen ni mume wa binamu yangu. Alianza na tiketi za mabasi, baadaye akaongeza za ndege, na watu wakamsifu kwamba ametuondolea safari ya kwenda Malindi kwa kazi ya dakika tano. Mimi pia nilimsifu. Kwa hiyo macho ya mama yalipozibwa na mtoto wa jicho, na daktari akatupa siku ya upasuaji Nairobi, sikufikiria mtu mwingine. Mgongo wa mama usingestahimili basi. Niliuza mbuzi wawili, nikaongezea mshahara wangu wa ualimu, tukakatiwa tiketi mbili za ndege kutoka Malindi. Mama akanituma nimpelekee shemeji mkungu mzima wa ndizi kutoka shambani Golbanti, kumshukuru.

Wiki moja baadaye, katika chumba cha walimu, mwenzangu mmoja alikuwa akitazama nauli kwenye simu yake. Ndege ile ile, siku ile ile, bei ilikuwa imeshuka karibu nusu. Akaniambia kwamba mashirika mengine hukubali kumrudishia msafiri kilichozidi, mradi aombe kabla ya kusafiri. Dadake aliwahi kurudishiwa. Kengele ya mwisho ilipolia, nilikwenda ofisini kwa shemeji.

Alinisikiliza akitabasamu, kisha akaniambia kwamba tiketi ikishakatwa imekatwa, na mambo ya mitandaoni nisiyaamini. Alisema kwa upole, kama mtu anayemtuliza mgonjwa. Nikaona haya kwa kumsumbua. Nilimwomba radhi, nakumbuka vizuri, na kila nikikumbuka najichukia.

Hata hivyo asubuhi yake nilipigia simu shirika lenyewe. Mwanamke aliyepokea aliuliza nambari ya tiketi, kisha akataka kujua kama mimi ndiye wakala. Nikamwambia mimi ndiye msafiri. Akanieleza kwamba tiketi zetu zilifutwa siku tatu nyuma, zikakatwa upya kwa bei ya chini, na pesa zilizozidi zimekwisha kurudishwa kwa aliyelipa. Na kwenye kumbukumbu zao, aliyelipa ni wakala.

Maana yake, siku niliyosimama mbele yake nikiomba radhi, pesa zangu alikuwa nazo tayari.

Nilirudi ofisini kwake, nikamkuta na mzee mmoja wa Kiorma, mfugaji, aliyekuja kuchukua tiketi za ndege, yake na ya mkewe, na karatasi tayari alikuwa nazo mkononi. Shemeji aliutazama uso wangu mara moja tu, akamwomba mzee asubiri kwenye benchi la nje, akafunga mlango.

"Shemeji, ungeniambia tu mapema," alisema.

"Nilikuambia jana. Ukasema haiwezekani."

Hakutahayari. Alifungua droo, akanipa pesa zangu zote zilizozidi, kisha akaongeza noti moja juu, akasema ni ya soda ya mama. Akashusha sauti. "Wewe umesoma, haki yako nakupa. Hawa wengine hata hawajui kama bei inashuka. Kwa hivyo yaishie humu ndani."

Ile noti ya juu niliiacha mezani. Zilizobaki nilizitia mkobani, nikatoka, nikampita yule mzee bila kumtazama. Nilifika mpaka wanakouza samaki ndipo nikasimama. Nilikuwa nimeombwa ninyamaze, na kweli nilikuwa nanyamaza. Kinyaa nilichokuwa nikimwonea shemeji kikanigeukia mwenyewe.

Nikarudi. Nilimwamkia mzee, nikamwomba anionyeshe karatasi zake, tukapiga simu pale pale kwenye benchi. Zake nazo zilikuwa zimekatwa upya. Nilipomweleza, akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Huyu kijana mimi naletea yeye maziwa. Kila Ijumaa. Bure."

Akainuka, akagonga mlango kwa fimbo.

Alilipwa. Habari zikaenea, na wengine wawili watatu wakadai, nao wakalipwa. Nilitarajia watu waihame ile ofisi. Hawakuihama. Binamu yangu alikuja nyumbani kumlalamikia mama kwamba nimemvunjia mumewe heshima kwa sababu ya vijisenti, na majirani wakamuunga mkono: tiketi si walipata, na ndege si walipanda? Watu walioibiwa wenyewe ndio waliosema hivyo. Maneno hayo yaliniudhi kuliko hata wizi wenyewe.

Tulisafiri, mama akapasuliwa, na sasa anatunga uzi kwenye sindano bila msaada. Kwa hilo nashukuru.

Juzi shemeji alinikuta dukani, akaninyooshea mkono mbele za watu, akanijulia hali kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilimjibu sijambo, maana salamu hainyimwi mtu. Mkono sikumpa.