Fangxia: neno la Kichina lililonitoa kwenye storage ya Houston

Wakuu habari zenu, na wadogo marahaba. Hii ni ya kweli, anayebisha aje Garland tunywe chai.

Nikiwa mtoto Kasulu, baba mdogo alikuwa anaswaga mbuzi, kamba kaizungushia mkononi. Mbuzi akaona mbwa, mbio. Watu wanamwambia achia, yeye kang'ang'ania. Akaburutwa shamba zima la mihogo.

Tulicheka mpaka bibi akatufukuza.

Mniwie radhi na uandishi, shule niliishia la nne.

Sasa huku Texas tulifikia Houston, mimi na marehemu mke wangu. Tukakodi storage, chumba cha kuhifadhia mizigo, tukawa tunaweka vitu vya nyumba tutakayojenga Kasulu. Makochi, vitanda, friji, mpaka masinki. Wabongo mnajua, kila mtu ana kontena lake la kichwani la kutuma nyumbani.

Mke akafariki. Nikahamia Garland kwa binti yangu Neema.

Vitu vikabaki. Kila nikipata off, na-drive masaa manne mpaka Houston kufuta vumbi makochi ambayo hajakaa mtu. Nikirudi silali, kifua kinabana.

Neema anasema, "Dad, you'll die on that highway."

Namjibu nyamaza, ni vya mama yako.

Huku Garland nafanya kazi kwenye warehouse, ghala la mizigo, na mama wa Kichina, Lin, rika langu. Akiniona nimekumbatia boksi huku napiga stori, ananifokea, "Fangxia." Yaani weka chini.

Siku nimemsimulia habari ya storage, akasema taratibu, "Mzee, fangxia."

Nikamwambia mbona sijabeba kitu.

"Umebeba friji toka Houston," akasema. Kumbe kwao hata la moyoni unaliweka chini kwa neno hilohilo.

Nikatafuta familia ya Warundi wapya kule Houston, walikuwa wanalala sakafuni. Wakaja pale storage na lori. Mama wa familia hiyo akasita mbele ya kochi alilolichagua mke wangu.

"Mzee, kweli hutalitaka?"

Mkono wangu ulikuwa bado juu yake. Nikautoa.

"Kaa, mama."

Akakaa. Kifua kikafunguka, wakuu, sidanganyi.

Nilichojifunza, marehemu hayumo kwenye friji. Wenye storage zenu semeni hapa, msione aibu, sote wazee.

Lori lilipojaa, Neema, aliyenisindikiza siku hiyo, akauliza kama nataka kuchungulia ndani mara ya mwisho. Nikamwambia washa gari. Sijarudi pale tena.