Ng'ombe Niliowaswaga Hadi Kituoni

Kwetu Igamba wanadhani askari wa hifadhi kama mimi hushinda akitazama tembo. Ukweli ni kwamba huu mwaka wa tatu niko bondeni Momba nikifukuza ng'ombe wa watu, na watoto wao wakiniona wanakimbia.

Wiki iliyopita niliwakuta ng'ombe wa Mzee Masanja, mfugaji Msukuma, wakila majani upande wetu wa kigingi cha mpaka. Nikajiona shujaa.

"Afande, hapa ni nje ya hifadhi," alisema kwa upole. "Mpaka ulisogezwa."

"Mzee, unanifundisha kazi?"

Nikamswaga yeye na ng'ombe wake hadi kituoni, muda wa saa tatu nzima juani, bila maji. Njiani ng'ombe mmoja mwenye mimba akalala chini. Mzee alipiga magoti, akampepea kwa kofia yake. Mimi nilitazama saa. Ng'ombe hakuinuka tena.

Kituoni nilipiga saluti kwa mbwembwe, nikamweleza mkuu wangu nilipowakamata: kwenye kigingi chekundu, chini ya kilima.

Mkuu alikunjua ramani mezani.

"Hicho ni cha zamani," alisema. "Kipya kiko ng'ambo ya korongo. Na shimo lake si ulichimba wewe mwenyewe?"

Nikakumbuka malengelenge ya mikononi. Nilitamani Mzee Masanja anitukane, lakini hakuwa hata na hasira.

"Sasa afande," akaniuliza mbele ya wote, "yule aliyebaki njiani tunamfanyaje?"