Kandambili za Dirisha la Tatu

Tangazo lilibandikwa Jumatatu kwenye kioo cha dirisha la tatu la zahanati, kwa herufi ndogo mno, hivyo wenye kuhusika nalo ndio waliokuwa wa mwisho kulijua. Zamani habari mbaya ililetwa na mtu. Alipewa kiti, akatafuta maneno. Siku hizi inaletwa na gundi.

Bi Taipu ndiye aliyewasomea wenzake. Kuanzia tarehe mosi ya mwezi ujao, dirisha la dawa za wazee litafungwa, na kila mgonjwa ataagiza dawa zake kwa simu. Chini kulikuwa na saini ya mganga mkuu wa wilaya.

Alisoma mara mbili, kisha akamtazama dada yake. Dada ana miaka themanini na moja, macho yamefifia, na vidole vinatetemeka hadi humwaga nusu ya chai. Maandishi ya kwenye maboksi ya dawa hayaoni. Lakini mfamasia wa dirisha la tatu anamjua: boksi la asubuhi hulifunga kwa mpira mmoja mwembamba, la jioni kwa miwili. Dada hupapasa, huhesabu, humeza. Mwaka wa sita huu hajakosea hata siku moja.

"Wameandika nini, mdogo wangu?"

"Upuuzi," alisema Bi Taipu. "Twende nyumbani, nina kazi."

Kazi hiyo aliijua. Kwa miaka thelathini na minane alikaa na taipu yake barazani, mkabala na mahakama, akiwaandikia watu maombi na malalamiko, enzi ambazo barua ilikuwa na pambizo na mwandishi wake alikuwa na haya. Akaifunua mashine, akagonga kurasa nne, kuanzia "Kwa heshima na taadhima" hadi historia ya zahanati tangu msingi ulipochimbwa.

Mkwe wake, ambaye ni msusi, alimwambia kwamba siku hizi ombi huwekwa mtandaoni, likatiwa saini na yeyote mwenye simu. Bi Taipu alikubali kwa sharti kwamba isipunguzwe hata nukta. Baada ya siku mbili zilipatikana saini kumi na moja: tisa za ndugu, moja ya msusi mwenyewe, na moja ya mtu anayeuza magodoro.

"Mama, usinikasirikie," msusi alisema, chanuo kinywani, mteja mbele yake. "Watu wanasoma wakiwa wamesimama. Mimi mwenyewe nilisinzia ukurasa wa pili."

"Kwa sababu hamkufundishwa kusoma."

"Sawa, mama. Na wale wateja wako wa mahakamani, walikuja na kurasa nne?"

Bi Taipu akaikumbuka baraza yake. Wateja wake walikuja na kilio, na yeye kabla hajagusa herufi aliwauliza: unamwandikia nani, unataka nini, na kabla ya lini? Aliyeshindwa kujibu aliambiwa akanywe maji kwanza. Na sasa yeye, kwa hasira zake, ombi lake alikuwa amelielekeza kwa "wahusika wote", yaani hakuna mtu.

Akaketi kwenye kiti cha wateja, akageuza karatasi ya paketi ya nywele, akaandika:

"Mganga mkuu, dada yangu haoni vizuri. Mfamasia wa dirisha la tatu humfungia dawa kwa mipira, mmoja wa asubuhi, miwili ya jioni. Simu haifungi mipira. Liache dirisha wazi. Tujibu kabla ya tarehe mosi."

Msusi akasoma, akaacha kusuka. "Hapo nimeamka. Sasa tutafute picha."

Bi Taipu alitaka picha ya jengo, lichukuliwe kwa mbele, lionekane lote. Asubuhi wakaenda. Wazee wa dirisha la tatu hawasimami kwenye foleni. Kila mmoja huacha kandambili zake kwenye mstari, akaenda kukaa kivulini miguu mitupu. Siku hiyo zilikuwa jozi thelathini na mbili, nyingine zimeshonwa kwa uzi wa gunia, zote zimeelekea dirishani kana kwamba zenyewe ndizo zinazoumwa.

"Mama," msusi alisema polepole, "jengo tuliache."

Picha ikawekwa mtandaoni pamoja na ombi jipya, na chini yake Bi Taipu aliandika: "Zenye mkanda wa bluu ni za dada yangu. Za kwenu ni zipi?"

Dereva wa lori aliyekuwa safarini akajibu kwamba zenye msumari ni za bibi yake. Mwingine akaandika: "Mama aliniambia amenunua mpya, kumbe ananidanganya." Kila aliyezitambua alisaini, akawatumia nduguze, nao wakazitafuta za kwao. Bi Taipu, aliyekuwa akiiita simu kijisanduku cha uvivu, hakubanduka saluni.

"Ngapi sasa?"

"Mia nne na kitu."

"Na sasa?"

"Mama, niache nimalize kichwa cha mtu."

"Mwangalizie tu, shoga," mteja alisema. "Hata mimi nataka kujua."

Kufikia Ijumaa saini zilikuwa elfu sita na ushei. Msusi alitaka kulituma ombi wilayani kwa kubonyeza kitufe.

"Kitufe hakina muhuri," alisema Bi Taipu.

Wakalichapisha, picha juu, majina chini, nakala mbili. Akavaa viatu vya kufunga, akalipeleka mwenyewe wilayani. Karani alimwambia aliache tu mezani. Akaomba nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa, akasimama hapo hapo, mpaka muhuri ukapatikana nyuma ya kabati, wino umekauka. Karani akaugonga mara tano. Kwa kishindo hicho mganga mkuu akatoka, akaiona picha.

"Hizi ni za wapi?"

"Za wagonjwa wako, daktari. Tarehe mosi ni Jumatano."

Jumanne gundi ilileta karatasi mpya: dirisha la tatu litabaki wazi, asubuhi tu. Msusi alimkumbatia mama mkwe wake mbele za watu. Bi Taipu alilalamikia hiyo "asubuhi tu", akalalamikia na mkato uliokaa pasipo pake, lakini karatasi hiyo alimsomea dada yake mara mbili, kwa sauti.

"Sasa waarifu waliosaini," alisema. "Wote. Mtu akikusaidia, unampa majibu."

"Watu elfu sita, mama?"

"Si una kitufe?"

Jumatano dada alitangulia foleni. Akavua kandambili zake, akazipapasa mkanda kuhakikisha ni zenyewe, akaziweka za kwanza.