Maziwa ya Gitare na Watu wa Shefu

Nianze na waliokuwepo, maana wengi wamekufa na mimi ndiye niliyebaki na majina yao. Nyumbani kwetu, kwenye ufuko chini kidogo ya Rumonge, tulikuwa wanne: baba yangu Yohana, Mbembe aliyevuka ziwa kutoka Fizi akifuata dagaa tunaowaita ndagala, mama yangu Anzelani, mzaliwa wa Nyanza-Lac, mimi Veneranda, ambaye meno ya mbele yalikuwa yameng'oka, na mdogo wangu Lukasi, mtoto wa kunyonya, aliyekuwa bado hajaweza kukaa. Upande wa wageni alikuwepo shefu, chifu wa milimani, ambaye jina lake hatukulitaja mbele za watu na sitalitaja leo. Nyuma yake watu wake: Karikurubu, mkuu wao, aliyetembea na fimbo, Sinzinkayo mbeba kiko, Minani mbeba kiti, Butoyi, Nzigo, Bucumi na Nyandwi, waliobeba machela yake mabegani, na Miburo, mtunza maziwa. Hao wengine unaweza kuwasahau. Karikurubu na Miburo usiwasahau.

Kabla hatujawazoea kwa sura tuliwajua kwa harufu. Miburo alifukiza vyombo vya maziwa kwa majani makavu, na moshi wake ulikuwa mchungu na mtamu pamoja, haukufanana hata kidogo na moshi wetu wa kukaushia samaki. Shefu alikuwa mgonjwa wa kifua, akaambiwa joto la ziwa litamfaa, basi akashushwa kutoka milimani mwishoni mwa mvua. Walijengewa mabanda yaliyozungushiwa matete, karibu na michikichi yetu, na tangu asubuhi hiyo kila nyumba ikawa na zamu ya kuwalisha. Zilikwenda ndizi, yakaenda mawese, wakaenda kuku, kisha mbuzi wa ufuko mzima mpaka usisikie mbuzi akilia popote. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini jembe lile nani angelipeleka kule ndani ya matete?

Walikuwa wameshuka na ng'ombe wao wa maziwa. Joto na mbung'o vikamuua. Hapo ndipo Karikurubu alipokuja kwetu, kwa sababu ng'ombe pekee aliyekuwa akikamuliwa pale karibu alikuwa Gitare wetu, mweupe, ambaye baba alimpata kwa kubadilishana mawese na mtu wa milimani. Nyinyi mnaosoma mjue jambo moja: mama alikuwa ameugua homa kali, na homa ilipoondoka iliondoka na maziwa ya kifua chake. Lukasi alikuwa akiishi kwa Gitare. Uji wa muhogo aliutapika. Mama alisema hayo yote, na Karikurubu alimsikiliza vizuri sana, kisha akamfungua ng'ombe. Baba hakusogea. Mama alipomgeukia, alisema, "Ufuko ni wa shefu, Anzelani. Nikikataa, kesho tutalala wapi?"

Tungeweza kuomba kidogo, kikombe kimoja, ungesema. Lakini watu wale wa milimani walikuwa na mwiko wao. Mtu anayekula samaki hakutakiwa kugusa maziwa, wala chombo chake, wala kamba ya ng'ombe, la sivyo ng'ombe angekauka. Sisi tulikuwa tumekula samaki na kunywa maziwa ya Gitare mwaka mzima na hakukauka. Hilo hawakutaka kulisikia. Walimwosha Gitare, wakamfukiza, na kuanzia hapo alikuwa ng'ombe wa shefu, na sisi wenyewe tulikuwa uchafu kwake. Nilimwita kutoka nje ya matete, akageuza masikio.

Mama akaamua kwenda kwa shefu mwenyewe. Alimfunga Lukasi mgongoni, mimi nikamfuata. Kwenye mlango wa matete tulimkuta Minani, ameweka kiti kichwani dhidi ya jua. "Mama, mimi ni wa kiti tu," alisema. "Kazi yangu ni makalio ya mkubwa, si masikio yake. Jaribu Sinzinkayo." Sinzinkayo alisema yeye huingia shefu akitaka kuvuta tu, na kwa kifua kile havuti tena, aende kwa Karikurubu. Karikurubu akatoka, akafunga mlango nyuma yake polepole kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa. "Shefu amepumzika. Niambie mimi, nitamfikishia." Mama akamwambia. Tuliporudi kesho yake alisema, "Shefu amesikia." Mama akauliza, "Amesema nini?" Akajibu, "Amesikia." Mama hakuwahi kumwona shefu. Aliona migongo ya watu wake, basi.

Akabaki Miburo. Alikuwa mwembamba, mcheshi, na alipenda kutaniana na wanawake waliokuja kuteka maji. Mama alimsubiri pale ziwani.

"Mkono ulioshika samaki haushiki maziwa," Miburo alimwambia. "Si mimi niliyeweka hivyo."

"Huyu mutoto hajala samaki. Hana hata meno, kaka yangu."

"Wewe unayemshika umekula."

"Na miiba ya samaki iliyo nyuma ya banda lenu ni ya nani?"

"Ya mbwa."

"Mbwa wenu wanakula mukeke na pilipili?"

Miburo alicheka, kisha akaziba mdomo na kutazama nyuma. Alimtazama Lukasi pia, akamgusa mguu, mguu uliokuwa mwembamba kama mpini wa kijiko. Asubuhi iliyofuata, alfajiri, alipitisha kibuyu kidogo kwenye tundu la matete. Na asubuhi nyingine pia. Lukasi alianza kulia kwa sauti tena, na mama alifurahi kumsikia analia.

Karikurubu alijua. Sijui nani alimwambia. Labda alipima tu kwa macho maziwa yaliyopungua. Alimchapa Miburo mbele ya wanawake wote, kwa fimbo ile ile ya safari, na wenzake walisimama wakitazama juu ya ziwa kama wanatafuta mtumbwi. Kibuyu kikavunjwa. Tundu likazibwa kwa matete mapya.

Lukasi hakufa siku ile. Alikwisha taratibu, kama mshumaa mahali pasipo na upepo. Alipofariki mama alilia, na wanawake wa jirani wakaja kulia naye, na kabla baba hajamaliza kuchimba, Minani alikuja, safari hii bila kiti. Alisimama mbali. Alisema, "Mkuu wetu anaomba mlie polepole. Shefu amelala." Tukalia polepole. Hata leo, nikilia, sitoi sauti.

Kiangazi kilipokwisha walimwinua shefu mabegani wakapanda naye milimani. Miburo ndiye aliyemrudisha Gitare. Mgongo wa Miburo ulikuwa bado na mistari ya fimbo. "Amahoro, mama," alisema, akamkabidhi kamba. "Sasa mnaweza kunywa."

"Shefu ameshiba?" mama akauliza.

"Shefu hakunywa." Alisema hivyo bila kuinua macho. "Tumbo lake liliyakataa tangu tulipofika. Tulimpikia uji wa ulezi."

"Na maziwa?"

"Sisi," alisema Miburo. "Hata mimi."

Jioni Gitare alilia kwa kujaa, ikabidi akamuliwe. Mama alikamua, akanipa. Nilikunywa. Yalikuwa matamu, na sikuwa na njia ya kuyafanya yasiwe matamu.

Siku hizi wakubwa hawabebwi. Hupita Rumonge kwa magari yenye vioo vyeusi, barabara ya Nyanza-Lac inafungwa, wauza ndagala wanasukumwa kando na beseni zao. Wajukuu wangu hunyoosha shingo wapate kumwona mkubwa. Mimi huwatazama wale wanaokimbia pembeni ya gari, wenye miwani, na sijui wanakunywa nini kwa jina lake. Maziwa ya watoto yapo dukani sasa, ya kopo, na hakuna anayeweza kuninyang'anya ng'ombe kwa kuwa sina. Lakini mama mwenye neno la kusema bado atamkuta kwanza mtu wa kiti.

Kama yupo wa ukoo wa watu hao na anasoma haya, anisahihishe pale nilipokosea. Labda si Nzigo aliyebeba machela, labda ni ndugu yake. Labda mbung'o hawakumuua ng'ombe wao, walimchinja. Nitakubali. Na kama yupo aliyesikia kwao kwamba Karikurubu aliingia kweli ndani, akasema neno la mama yangu, na shefu akalisikia, aje aniambie. Au kama hakuingia, aniambie hilo. Nimekuwa mzee nikiwachukia wote wawili, na mmoja wao hakustahili.