Minazi ya Bi Time Katikati ya Kiwanja

Wako waogopao nyoka, wako waogopao majini. Bi Time binti Massoud aliogopa mtu mwenye kamba ya kupimia. Msimcheke. Mwaka wa sabini na nne walikuja wapimaji, wakamwondoa kwenye shamba la marehemu baba yake na kumpa kiwanja cha nyumba kandokando ya barabara. Mwaka wa themanini na tatu, kwenye msako wa walanguzi, mgambo wakayapima mafuta ya nazi aliyoyakamua kwa mikono yake, wakasema yamezidi, wakaondoka nayo pamoja na madebe. Sabuni hakuna, sukari hakuna, kibiriti hakuna, halafu yeye ndiye mlanguzi! Mimi jirani yake niliyaona, na mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Shamba lile lilikuwa nyuma ya shule, upande wa njia ya Mkwaja. Minazi yake ilikuwa imekufa yote kwa ule ugonjwa wa minazi, zikabaki nyasi. Na kwetu pwani mnazi ndio shahidi wako kwamba ardhi ni yako. Bi Time hakutaka kingine duniani ila ardhi ile imfikie mwanawe wa pekee, Yussuf, aliyekuwa dereva mjini, huko Raskazone.

Mwaka wa tisini na moja akaletwa shuleni Mwalimu Fanueli, Msambaa wa milimani, aliyesomea Kuba. Huko alijifunza mchezo wa besiboli, akaona watoto wetu nao waujue. Asubuhi moja Bi Time akamkuta kwenye nyasi zile, ana kamba, ana vigingi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wapima nini?"

"Kiwanja cha mpira."

"Mpira twaujua. Magoli yako wapi?"

"Huu hauna magoli, una vituo vinne." Mwalimu akamwonyesha. Hapa anasimama mpigaji. Kutoka hapa mpaka kituo cha kwanza ni mita ishirini na saba na ushei, mpaka cha pili vivyo hivyo, mpaka cha tatu, kisha anarudi alikoanzia. Mraba kamili, ila umelazwa kwa pembe. Mrushaji yuko katikati, juu ya tuta dogo la udongo, mita kumi na nane na ushei kutoka kwa mpigaji.

Bi Time hakuwa na haja na tuta. Alikuwa akiitazama mistari miwili iliyotoka kwa mpigaji, mmoja kulia, mmoja kushoto, ikizidi kuachana kadiri ilivyokwenda mbali.

"Na hii yaishia wapi?"

Mwalimu, maskini, akasema kweli. "Tukipata uzio, tutauweka penye mita mia. Pasipo uzio haiishii, bibi. Inakwenda tu."

"Yakwenda!" Bi Time akapiga viganja vyake. "Miye nimeona wezi wa ardhi, lakini weye wapima mpaka Pemba!"

Sisi majirani tulicheka, lakini wasiwasi ulituingia. Siku zile redio haikuchoka kutaja wawekezaji. Kiwanja gani huku chembamba, kule kipana? Tuta la nini, kama si la kufukia jiwe la mpaka? Ikasemwa kuwa mwalimu katumwa.

Bi Time hakungoja. Alitafuta miche ya minazi, akapanda mmoja juu ya tuta la mrushaji, mingine akaifuatisha mistari mpaka mwisho wa nyasi. Mtu wa pwani hang'oi mnazi wa mwenziwe, kwa hiyo mchezo ukasimama na baraza likaitwa.

Mwalimu alimwomba mwenyekiti wetu, Mzee Abass, eneo liandikwe la shule. "La shule haliuzwi," alisema, "na bibi ataendelea kukata nyasi pale kama kawaida yake."

"Maneno matamu hayo," akasema Bi Time. "Nimeshayala sana."

Yussuf akaja kutoka mjini, shati limenyooka, akamsemea mama yake vizuri mpaka wazee wakatikisa vichwa kukubali. Penye minazi mwenyewe anajulikana. Eneo likaandikwa jina la Yussuf, kwa kuwa mama mtu ndivyo alivyotaka. Mwalimu akakunja kamba yake, na muhula uliofuata akahamishwa.

Minazi ilipofika kimo cha mtu, wakaja wanaume na chombo cha miguu mitatu. Walipima haraka, bila kumwamkia mtu.

"Hapa pana mwenyewe!" Bi Time akawapigia kelele.

"Tunajua, mama. Ndiye aliyetuuzia. Yussuf."

Hoteli ya watalii. Bi Time hakusadiki, ikabidi Mzee Abass amweleze polepole. Ardhi ni ya umma, haiuzwi. Kinachouzwa ni kilichopandwa juu yake. Nyasi tupu Yussuf asingepata wa kumuuzia. Minazi ameiuza.

Ijumaa Yussuf mwenyewe akaja, na doti ya kanga mkononi. "Mama, nilitaka nikujengee mjini. Usinishuku vibaya."

"Sikukushuku," akasema Bi Time, na sauti yake ilituumiza sote tuliokuwa barazani. "Nimeshuku serikali, nimeshuku mgambo, nimemshuku mwalimu wa watu mpaka nikamfukuza. Weye, mwanangu, nilikusahau."

Kisha akatugeukia, akauliza Mwalimu Fanueli alihamishiwa wapi. Hapakuwa na aliyejua.