Mashine ya Jedidah Ilipoacha Kulia

Nani hakuijua mashine ya Jedidah pale soko la Ndhiwa? Mashine za kusaga zilikuwa tatu, injini zote zinanguruma, lakini ya Jedidah ilikuwa inalia. Ukiwa shambani ng'ambo ya mto unasikia kile kilio chembamba, unajua yuko kazini, unajitwika mahindi yako.

Mwaka wa tisini na sita akamwita fundi Wangwe kutoka Migori. Wangwe akaifungua, akatuambia kilio tunachokipenda ndicho kifo chenyewe. Joto linayeyusha grisi, beringi, zile pete za chuma zinazobeba kinu kikizunguka, zinakauka, chuma kinakula chuma. Hata zikiwekwa mpya, zinalia kabla ya jioni. Sasa shafti inayozungusha kinu imeanza kulika, na ikikatika mashine ni chuma chakavu. Mashine ile Jedidah aliachiwa na marehemu mumewe, Nicanor, na watoto wake walikula kwayo.

Wangwe akafunga beringi mpya, akatoa kopo la grisi nyeusi tititi. Akasema weusi ule ni unga wa jiwe. Jedidah akawaka. Maisha yake yote amepigana na vumbi, kila jioni anapangusa beringi kama anaogesha mtoto, leo mtu mzima anataka kuzipaka vumbi!

"Sugua kwanza," Wangwe akamwambia.

Akasugua kati ya vidole. Nami nikasugua, maana Millicent mimi sipitwi na kitu. Yawa, vidole viliponyoka kama nimeshika kambare! Tukafuta grisi kwa kitambaa mpaka basi, vidole bado vinateleza. Wangwe akaeleza kwamba unga ule ni tabaka juu ya tabaka, nyembamba hata jicho halizioni, zinatelezeana zenyewe. Grisi ikikimbia joto, zenyewe zinabaki kazini. Nilivitazama vidole vyangu nikaogopa. Jiwe lililosagwa linazuia chuma kisisagike! Mungu ana mambo.

Jedidah akakubali shingo upande.

Siku ya soko, mchana, nilikuwa napalilia mtama. Injini nazisikia, kilio sikisikii. Nikajua shafti imekatika. Nikatupa jembe nikakimbia, na njiani wanawake wengine wakajiunga, Kezia akiomboleza kwa sauti ya juu, maana kwetu msiba hauingiwi kimya kimya.

Tukaingia tukilia. Jedidah amesimama pale, mweupe kwa unga, mahindi yanashuka, kinu kinazunguka na hakisemi neno. Tukanyamaza mmoja mmoja, kwa aibu.

"Mnamlilia nani?" akauliza.

Akanishika mkono, akauweka juu ya nyumba ya beringi, pale palipowahi kumbabua kiganja. Nikauma meno. Palikuwa na uvuguvugu tu, kama ubavu wa mbuzi. Ndani yake chuma kilikuwa kinazunguka, nami sikusikia hata mkwaruzo.

Nilipoinua macho, Jedidah alikuwa analia.

"Nicanor alikufa akidhani mashine lazima ilie," akasema.